Video haitumwi nzima: kinachotumwa ni makosa ya kubashiri



Mwenzetu mmoja alitetea memware yake. Mdogo wake akachukua video kwa simu, amesimama nyuma ya watu, mkono unatikisika, mara anasogea kushoto, mara anainua simu juu ya vichwa. Dakika 40. Wazazi wako mbali, hawakupata njia ya kufika, wakaomba watumiwe ile video. Mara ya kwanza kutuma kukakatika. Mara ya pili mega zikaisha katikati. Siku ya tatu wazee wakapata kipande cha mwanzo tu, pale majaji wanaingia na watu wanasimama. Mzee akapiga simu: «Sasa mtoto wangu alifaulu ao hapana?»

Tulicheka, lakini ilituuma. Na kila mtu akasema neno moja: ni koneksyo. Kweli, koneksyo iko na sehemu yake. Lakini kuna sehemu ingine ambayo hatuzungumzi, na sisi wa sayansi na ufundi tungepaswa kuijua: namna video inavyobanwa kabla ya kutumwa. Ndani ya ule ubanaji kuna kazi moja inayobeba zingine zote. Kazi hiyo ni kubashiri. Leo nataka tuelewe inafanyika namna gani, watu waliiboresha namna gani, na sisi wenyewe tunaweza kuisaidia namna gani.

1. TUANZE NA HESABU

Picha moja ya video ya kawaida ya leo iko na pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu. Zidisha: ni pikseli 2 073 600. Kila pikseli inahitaji namba tatu za rangi, yaani baiti 3. Picha moja inafika karibu mega 6,2. Kwa sekunde moja tunaonyesha picha 25. Hapo tuko na mega 155 kwa sekunde MOJA. Dakika moja ni giga 9,3. Utetezi wa dakika 40 unafika giga 373.

Hakuna mtu kati yetu aliye na mega hizo. Hata diski nyingi za ordinatere zetu haziwezi kubeba hiyo video moja.

Lakini faili ya simu kwa dakika 40, kama imerekodiwa kwa megabiti 5 kwa sekunde, iko na giga 1,5 tu. Kutoka 373 mpaka 1,5! Ni karibu mara 250 chini, na jicho halilalamike. Zingine zimeenda wapi?

Sehemu ya kwanza ni rahisi. Jicho la mtu linaona mwangaza vizuri kuliko rangi, basi kodeki inapunguza habari za rangi mwanzoni kabisa, na hapo tayari nusu imeondoka. Inabaki kupunguza tena zaidi ya mara 120. Kazi hiyo haifanywe na jicho. Inafanywa kwa kubashiri.

2. MAMA ANAYEELEZA NYUMBA KWA SIMU

Fikiri uko Kisangani kwa masomo, mama yako iko Bukavu. Uniti ni chache, kila neno linalipiwa. Unamuuliza: «Mama, salon iko namna gani?» Siku ya kwanza atakueleza yote: meza iko hapa, viti vinne, kalenda ukutani, pazia ya buluu. Siku ya pili ukiuliza tena, hatarudia yote. Atasema: «Iko vile vile, lakini kile kiti cha baba tumekisogeza karibu na dirisha.» Maneno machache, na wewe kichwani umeona salon yote.

Video inafanya hivyo hivyo. Picha ya kwanza inatumwa nzima. Zinazofuata zinasema tu: iko vile vile, isipokuwa hiki na hiki.

Angalia vizuri, juu hapa njo siri yote. Ili mama aseme maneno machache, inafaa nyinyi wawili muwe na salon ile ile kichwani. Yeye anajua wewe unajua nini. Kwa kodeki pia, mashine inayobana na mashine inayofungua zinafuata sheria moja ya kubashiri, zikiwa na picha zile zile mbele yao. Zote mbili zinabashiri kitu kimoja. Kisha mbanaji anatazama: ubashiri wetu unatofautiana na ukweli kwa kiasi gani? Anatuma ile tofauti tu. Tuiite MABAKI.

Kwa hiyo ubashiri ukiwa mzuri, mabaki ni madogo, na mega ni chache. Ubashiri ukiwa mbaya, mabaki ni makubwa, na mega zinakwisha. Yote mengine ninayoandika hapa chini yanatoka katika sentensi hizo mbili.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko ordinatere. Mwaka 1929 Ray Kell aliandika katika hati ya uvumbuzi ya Uingereza kwamba kwa televisheni ingefaa kutuma tofauti kati ya picha na picha, si picha nzima kila mara. Ilichukua miaka mingi mpaka mashine ziweze kufanya kazi hiyo.

3. KUBASHIRI NDANI YA PICHA MOJA

Hata ile picha ya kwanza, inayotumwa nzima, haitumwi kijinga. Inakatwa visanduku vidogo. Mashine inafungua kutoka kushoto kwenda kulia, kutoka juu kwenda chini. Inapofika kwenye kisanduku kipya, majirani wa juu na wa kushoto wamekwisha kufunguliwa. Basi inabashiri: ukuta uliokuwa mweupe kushoto, pengine unaendelea kuwa mweupe hapa.

Tuchukue mfano mdogo. Ukweli: 118, 119, 121, 120. Ubashiri kutoka kwa majirani: 118, 118, 119, 120. Mabaki: 0, 1, 2, 0. Unaona? Namba kubwa zimegeuka kuwa vinamba.

Kodeki ya H.264, iliyotoka 2003 na ambayo bado iko ndani ya simu zetu nyingi, iko na njia 9 za kubashiri hivyo kwa kisanduku cha 4 kwa 4: kushuka wima, kwenda mlalo, kuchukua wastani, na mishale ya pembeni. H.265 ya 2013 ikafikisha njia 35. H.266 ya 2020 ikafikisha 67. Kwa nini ziongezeke? Juu ulimwengu hauko na mistari minne tu. Bega la mtu, ukingo wa paa la mabati, ngazi, barua zilizoandikwa ubaoni, kila kimoja iko na mwelekeo wake. Ukiwa na mishale mingi, utapata ule unaofuata ukingo sawa sawa, na mabaki yatapungua.

Lakini kuna bei. Mbanaji lazima aseme amechagua mshale gani. Kati ya 67, kusema jina la mshale kunakula biti. Basi hata jina la mshale nalo linabashiriwa: majirani walitumia upi? Pengine ni ule ule. Yaani tunabashiri mpaka namna ya kubashiri.

4. KUBASHIRI KUTOKA PICHA KWENDA PICHA

Hapa njo kuna faida kubwa zaidi. Fikiri moto inapita barabarani mbele ya ukuta. Katika sekunde moja ya ishirini na tano haijabadilika sura, imesogea tu. Basi hatutumi tena picha ya ile moto. Tunasema: «Chukua kile kisanduku cha picha iliyopita, ukisogeze pikseli 7 kulia.» Namba mbili tu, 7 na 0, pahali pa pikseli 256 za kisanduku cha 16 kwa 16. Hizo namba mbili zinaitwa vekta ya mwendo.

Swali: nani anamwambia mbanaji kwamba ni 7? Hakuna mtu. Anatafuta. Na kutafuta ni kazi nzito, tupige hesabu tena. Tuseme anatafuta mpaka pikseli 16 kila upande. Ni pahali 33 mara 33, yaani 1089. Kila pahali analinganisha pikseli 256. Kisanduku kimoja kinakula malinganisho 278 784. Picha moja iko na visanduku 8160. Tumefika zaidi ya miliari 2,2 kwa picha moja, karibu miliari 57 kwa sekunde moja ya video.

Njo maana simu haitafuti kote. Inaruka: inajaribu pointi chache zilizopangwa kama almasi ao pembe sita, inakwenda upande ule unaoonekana bora, inajaribu tena pale, mpaka haioni bora zaidi. Ni kama mtu anayetafuta nyumba mtaani kwa kuuliza: haendi mlango kwa mlango, anafuata upande anaoonyeshwa. Mara nyingi anafika. Wakati ingine anadanganyika, anachukua nyumba inayofanana tu, na mabaki yanakuwa makubwa kuliko inavyofaa.

5. WALIBORESHA NINI KWA MIAKA HIYO YOTE?

Muko wengi munaofikiri kodeki mpya ni uchawi mpya. Hapana. Ukiangalia vizuri, mashine ni ile ile, wameongeza akili ya kubashiri kidogo kidogo. Nitaje tano.

Kwanza, UKUBWA WA VISANDUKU. Zamani kisanduku kilikuwa 16 kwa 16, basi. Lakini anga tupu haihitaji visanduku vidogo, na vidole vya mtu haviingii katika kikubwa. H.265 inaanza na 64 kwa 64 na kukata pale inapohitajika. H.266 inaanza hata na 128 kwa 128, na inaweza kukata kwa namna nyingi zaidi. Ukuta mzima: kisanduku kimoja, neno moja.

Pili, NUSU NA ROBO YA PIKSELI. Kitu hakisogei kwa pikseli kamili kila mara. MPEG-1 na MPEG-2 zilifika nusu ya pikseli. H.264 ikafika robo. Mashine inatengeneza pikseli za katikati kwa hesabu ya majirani, na ubashiri unakaa sawa zaidi.

Tatu, KUTAZAMA NYUMA NA MBELE. Kuna picha za I, zinazojitegemea. Kuna za P, zinazobashiriwa kutoka kwa zilizotangulia. Kuna za B, zinazochukua pande mbili, iliyotangulia na itakayofuata. Mtu akipita mbele ya ubao, maandishi aliyoyafunika hayako katika picha iliyopita, lakini yako katika itakayofuata. Kwa hiyo mbanaji anatuma kwanza ya baadaye, kisha anarudi katikati. H.264 ilikubali pia kutunza mpaka picha 16 za kurejelea, si moja tu.

Ine, KUBASHIRI VEKTA ZENYEWE. Kama majirani wote wamesogea pikseli 7 kulia, kwa nini nirudie kuandika 7? H.265 inasema tu: «Fanya kama jirani namba fulani.» Na kama hakuna mabaki, basi kisanduku kizima kinakwisha kwa ishara ndogo sana. Video ya mtu aliyekaa akifundisha, sehemu kubwa ya picha inapita hivyo, karibu bure.

Tano, MWENDO USIO WA KUSOGEA TU. Ukikaribisha kamera, vitu vinakua. Ukiizungusha, vinazunguka. Kusogeza kisanduku tu hakutoshi. H.266 ilileta vekta mbili ao tatu kwa kisanduku kimoja ili kueleza kukua na kuzunguka.

Kila kizazi kilipewa lengo karibu moja: ubora ule ule kwa nusu ya biti za kilichotangulia. Na kila kizazi kinadai mbanaji afanye kazi zaidi sana. Hapo njo mahali pa kufikiri. Mega hazipotei bure: tunazinunua kwa hesabu za mashine, kwa moto wa chaji, na kwa muda. Simu ya zamani isiyo na chipu ya H.265 itajikaza, itapata joto, ao itakataa kabisa kufungua. Kuna pia hesabu ya haki za uvumbuzi: makampuni yaliyochoka kulipa yaliungana 2015 na kutoa kodeki ya AV1 mwaka 2018, isiyodai malipo ya matumizi.

6. MABAKI YANAKWENDA WAPI?

Baada ya kubashiri, mabaki yanapita katika hesabu inayotenganisha mabadiliko ya polepole na ya haraka. Ni kazi ya Nasir Ahmed na wenzake Natarajan na Rao, iliyotoka 1974. Kisha namba zinagawanywa na kuzungushwa, na zile ndogo zinageuka sifuri. Hapo njo ubora unapotea kweli, na haurudi. Mwisho, kinachorudi mara nyingi kinapewa alama fupi. Ni kama nyumbani: yule munayemwita kila saa munamkatia jina, yule wa mara moja kwa mwaka munamwita majina yake yote.

Na mbanaji anachagua namna gani kati ya njia zote hizi? Anapima vitu viwili pamoja: kosa litakaloonekana, na biti zitakazolipwa. Anajumlisha kosa na biti zilizozidishwa na bei fulani, anachukua njia yenye jumla ndogo. Ni hesabu ya mama sokoni: hatafuti chakula kizuri kabisa, wala cha bei ya chini kabisa, anatafuta kinachofaa kwa pesa aliyo nayo.

7. TURUDI KWA ULE UTETEZI

Sasa munaona kwa nini ile video ilikuwa nzito. Mkono ukitikisika, PICHA YOTE inasogea, ukuta pamoja na meza. Visanduku vyote vinadai vekta. Salle ilikuwa na giza, na kamera ya simu gizani inatoa chembe chembe zinazocheza kila picha. Chembe hizo hazifuati sheria yoyote, hakuna anayeweza kuzibashiri, zinalipiwa moja moja. Ni vivyo hivyo kwa majani katika upepo, mawimbi ya ziwa na mvua.

Na kwa nini wakati wa kupigiana video uso wa mtu unayeyuka, mdomo unabaki pahali na macho yanakwenda? Kipande kilipotea njiani. Mashine yako inaendelea kubashiri kutoka kwa picha yenye kosa, na kosa linarithiwa na picha zinazofuata, mpaka ije picha nyingine ya I. Kubashiri kuna hatari yake: anayetegemea jana, jana ikiharibika, leo nayo inaharibika.

Basi tufanye nini? Mambo manne, bila kununua kitu:

– Weka simu pahali pasiposogea. Rundo la vitabu linatosha. 
– Tafuta mwangaza, fungua dirisha, kamera ielekee kule mwangaza unakoelekea.
– Nyuma ya msemaji pawe ukuta mtupu, si pazia inayopeperuka. 
– Usitume faili kama ilivyotoka kwa simu. Simu inabana haraka, wakati ule ule inarekodi, haina muda wa kutafuta vizuri. Ordinatere inaweza kuchukua saa moja kutafuta vekta bora, na ikatoa faili ndogo kwa ubora unaokaribiana.

Uko na ordinatere? Fanya jaribio hili kwa programu ya bure ya ffmpeg. Chukua video moja, uibane mara mbili:

ffmpeg -i kozi.mp4 -c:v libx264 -crf 23 -g 1 bila.mp4
ffmpeg -i kozi.mp4 -c:v libx264 -crf 23 -preset veryslow na.mp4

Ya kwanza inakataza kubashiri kutoka picha kwenda picha, kila picha inajitegemea. Ya pili inaruhusu, na inaambia mashine itafute bila haraka. Angalia ukubwa wa faili mbili na muda uliochukuliwa. Kisha rudia kwa video uliyochukua mkono ukitikisika. Hapo utaelewa kuliko kwa maneno yangu yote.

8. NENO KWA WANAOTAFUTA SUJET YA MEMWARE

Wengi wanafikiri mambo haya ni ya maabara za mbali. Si kweli. Programu ni za bure, hati za H.264 na H.265 ziko wazi kwenye ukurasa wa ITU, na vipimo vinajulikana. Lakini usilinganishe ukubwa wa faili peke yake, juu faili ndogo yenye ubora mbaya si ushindi. Linganisha kwa ubora sawa. Gisle Bjøntegaard alipendekeza 2001 njia ya kupima tofauti ya biti kati ya kodeki mbili kwa ubora ule ule, na mpaka leo watafiti wanaitumia.

Chukua video za kwetu: soko la asubuhi, salle yenye giza, kwaya inayocheza, ziwa na mawimbi. Uliza: ni sehemu gani ya kubashiri inaleta faida zaidi kwa video kama hizi? Simu ya bei ya chini inaweza kuibeba? Je, kusafisha chembe za giza kabla ya kubana kunapunguza mega ngapi? Kila moja ya maswali hayo ni memware nzima, na jibu lake litaingia moja kwa moja katika mfuko wa mzazi anayenunua mega.

Ule mwenzetu, baadaye tulichukua faili yake, tukaiacha ordinatere ifanye kazi usiku mzima umeme ulipokuwepo, tukaituma tena. Ikafika. Mzee aliitazama mpaka mwisho, pale jaji anasoma pointi. Akapiga simu, na safari hii hakuuliza kitu. Alisema tu: «Nimeona.»

Uko na swali ao umefanya jaribio? Andika matokeo yako hapa chini tujifunze pamoja.